Kaswida ya halali, programu ya wizi

KATIKA misikiti yetu mjadala wa muziki haujawahi kwisha. Dufu, zumari, kinanda, kila kimoja kina watetezi na wapingaji wake, na kila unapoingia Mfungo Sita mjadala huanza upya pale ulipoachwa mwaka uliopita. Sina nia ya kuuamua leo, na wala si kazi ya mtu kama mimi. Nataka kuuliza jambo dogo ambalo sijapata kulisikia likiulizwa mimbarini: ile kompyuta inayorekodi kaswida zetu, imewekwa programu ya nani, na kwa idhini ya nani?

Swali hili lilinipata Runazi, wilayani Biharamulo, nilikokwenda kwa shughuli ya ndoa. Yupo kijana pale, mwalimu wa madrasa, aliyejitengenezea studio ndani ya chumba anacholala. Godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, kipaza sauti kimevalishwa soksi, laptop ni ya mtumba, umeme ni wa sola. Humo ndimo wanafunzi wake wanamorekodi kaswida, na wallahi nilizozisikia zilikuwa nzuri. Hakuna kinanda, kwa sababu kamati ya msikiti imekikataza. Mdundo wote ni vinywa vya watoto, ambao yeye ameukatakata na kuupanga vipande vipande katika FL Studio mpaka ukadhani kuna ngoma nyuma ya pazia.

Nikamuuliza programu hiyo ameipata wapi. Akacheka. "Ya kreki hiyo, mzee wangu. Nilipewa kwenye flashi, Mwanza."

Basi tazama hali yetu. Kamati ilikaa vikao viwili juu ya kinanda, ambacho maulamaa wenyewe wanakihitilafiana. Juu ya mali iliyochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe, jambo ambalo Qur'an imelikataza waziwazi katika Suratul Baqara na tena katika Suratun Nisaa, haikukaa hata dakika tano. Tena siisemi kamati ya Runazi peke yake. Nenda studio za kaswida za Kariakoo ukaulize risiti ya programu, uone utakavyotazamwa.

Kwa asiyejua, FL Studio ni programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Ilitoka mwishoni mwa 1997 kwa jina la FruityLoops, na mwaka 2003 ikabadilishwa jina. Wamiliki wanaruhusu mtu kuijaribu bure, lakini kazi uliyoihifadhi katika toleo hilo la majaribio huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Hapo ndipo kreki inapoingia. Kreki ni kufuli lililovunjwa na mtu mwingine, nasi tunapita mlangoni tukisema hatukuvunja sisi.

Nilipomweleza hivyo, kijana hakunyamaza, na hoja zake si za kudharau. Kwanza alisema elimu haina mwenyewe: aliyenakili programu hakumpunguzia mwenye nayo kitu, kama vile anayewasha taa yake kwa moto wa jirani. Hoja hii wamewahi kuisimamia watu wazito. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani hakuikubali haki ya kuzuia kitabu kisinakiliwe. Lakini mwanawe mwenyewe, Mufti Taqi Usmani, aliona vingine, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali katika sheria na haijuzu kuzivamia. Na serikali yetu, katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, imezitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Anayetaka kushika kauli ya Mufti Shafi ana haki, ila aishike kwa kujua, si kwa kuwa imemwokoa na malipo.

Hoja ya pili ilinisikitisha zaidi. Alisema, "Hao si Waislamu, na ni matajiri." Ndugu yangu, usiku wa Hijra Mtume (s.a.w.) alikuwa na amana za Makuraishi nyumbani kwake. Ni watu waliokuwa wamekula njama ya kumuua usiku huohuo. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma, katika hatari, ili azirejeshe kwa wenyewe. Kama mali ya mtu aliyekuja na upanga mlangoni ilirudishwa, Mbelgiji aliyekaa kwake akitengeneza programu ana kosa gani kwetu?

Ya tatu ni dharura, na hapa namwelewa. Toleo dogo la programu hiyo ni karibu dola 100. Mwalimu wa madrasa anayelipwa kwa mahindi na maharage atazitoa wapi? Na akizipata, ana kadi gani ya benki ya kulipia Ulaya? Lakini dharura inayohalalisha nyamafu ni ya mtu asiye na chakula kingine, na hapa chakula kipo. Audacity imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, kwa idhini ya walioitengeneza, na inarekodi vizuri tu. LMMS, nayo ya bure tangu 2004, inapanga midundo kwa namna inayofanana sana na hiyo ya Ubelgiji. Unaimba katika Audacity, unapeleka vipande LMMS. Ni usumbufu, sikatai. Na Reaper huuzwa dola 60 kwa mtu mwenye kipato kidogo. Kilichomkosa kijana hakikuwa fedha bali mtu wa kumwambia kwamba vitu hivi vipo, na hapo lawama ni yetu sisi wa mijini tunaoshinda kwenye intaneti.

Yote hayo aliyasikiliza kwa adabu tu. Kilichombadilisha uso ni jambo lake mwenyewe. Akiwa ananisindikiza alianza kulalamika kwamba kaswida zake zinauzwa Nyakanazi stendi, wanajaza kwenye memori kadi za madereva wa malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, na yeye hapati hata senti. Alisema watoto walikesha kuzifanyia mazoezi. Alisema ni dhulma. Halafu akasimama katikati ya njia, akanyamaza. Sikuongeza neno.

Nami sina pa kujificha. Kwa miaka mingi makala zangu, zikiwemo za kuwakemea wengine, niliziandika kwa programu iliyowekwa na fundi wa mtaani kwa shilingi elfu chache, na sikuwahi kumuuliza ameitoa wapi.

Baada ya mwezi alinipigia. Ameifuta, ameweka zile za bure, na tatizo limejitokeza: kazi zake zote za nyuma zimo katika mafaili ya FL, na LMMS haiyafungui. Miaka mitatu ya kaswida, vipande vya sauti za watoto ambao wengine wameshahama na wengine sauti zimeshakuwa nzito. Akauliza kama anaweza kuirudisha ile ya kreki kwa siku moja tu, ayatoe, kisha aifute moja kwa moja. Akauliza pia kuhusu fedha zilizopatikana kwenye zile CD za mwanzo, ambazo zilinunua mabati ya madrasa. Je, mabati nayo yang'olewe?

Nimemwambia la mabati amuulize Shekhe wa Wilaya. La siku moja nimelifikiri mpaka leo, na sijampigia.