Vidonge vya Wifi

Mshonaji mmoja aliteswa na kipandauso kwa miaka mingi. Vimulimuli vilimtangulia machoni, kisha upande mmoja wa kichwa ukaanza kugonga, akaacha cherehani na kujifungia gizani, ndoo ya kutapikia kando ya kitanda. Hospitali walimpima presha na mapigo ya moyo, wakamwuliza kama ana pumu au kisukari, ndipo wakamwandikia propranololi.

Ni dawa ya moyo kwa asili. Mwanasayansi wa Scotland, James Black, aliibuni katika miaka ya 1960 kwa ajili ya wanaobanwa kifua kwa ugonjwa wa moyo, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel. Madaktari waliokuwa wakiitumia kwa wagonjwa wa moyo ndio waliogundua, bila kutarajia, kwamba inapunguza kipandauso. Haitulizi kichwa kilichokwisha kuanza. Humezwa kila siku, na matokeo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mshonaji alivumilia, na siku za kulala gizani zikapungua kweli.

Wifi yake, mke wa kaka yake, naye alikuwa mtu wa kichwa.

"Wifi, siku hizi sikuoni na kitambaa kichwani."

"Nimepata dawa, wifi. Chukua hivi, uanze leo."

Alitoa kwa upendo, na ndiyo maana siwezi kumlaumu kwa ukali. Lile swali la pumu alilokuwa ameulizwa yeye, hakulikumbuka. Na wifi alikuwa na pumu ya utotoni, ambayo kwa kuwa haikumsumbua muda mrefu aliihesabu kuwa imekwisha.

Propranololi hufanya kazi kwa kuviziba vipokezi ambavyo adrenalini huvitumia kuuharakisha moyo. Vipokezi vya jamii hiyo viko pia kwenye mirija ya mapafu, na huko kazi yake ni kuipanua mtu apate kupumua. Propranololi haichagui, huviziba vyote. Tena inhela ya salbutamoli, tegemeo la mwenye pumu, hupitia vipokezi hivyohivyo.

Usiku ule kifua cha wifi kikabana, pumzi ikapiga filimbi. Akavuta inhela yake ya zamani, akavuta tena, nafuu ikawa ndogo. Mumewe akamkimbiza hospitali kwa bajaji.

"Umekunywa dawa gani leo?" muuguzi akauliza.

"Ya kichwa tu."

Hapa ndipo panaponiuma. "Ya kichwa" walielewa ni panadoli, na muda ukapotea bure. Ilibidi mume ampigie dada yake simu, naye akasoma jina lililoandikwa kwenye paketi. Waliposikia neno propranololi, pamoja na oksijeni wakamwongezea dawa inayopanua mirija kwa njia nyingine. Alfajiri akaweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Mshonaji aliposikia yaliyotokea aliingiwa na hofu, akavitupa vidonge vyake vyote siku hiyohiyo. Kosa la pili. Moyo uliozoea kuzuiwa ukiachiwa ghafla hukimbia, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo unaweza kumletea shambulio. Yeye alipata mapigo ya kasi na mikono ya kutetemeka, na kipandauso kikarudi. Daktari alimrudishia dawa, akamweleza kwamba hata siku ya kuiacha ikifika, dozi itapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Wifi naye alipotulia aliulizwa kwa kirefu kuhusu kichwa chake. Kinamuuma mara ngapi? Karibu kila siku. Anameza nini? Panadoli, karibu kila siku, tangu mwaka uliopita. Dawa za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mfululizo, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Daktari hakumwandikia dawa ya moyo wala nyingine ya kuzuia. Alianza kwa kumpunguzia panadoli, akampa daftari la kuandika kila siku kichwa kinapouma na kila kidonge anachomeza, na kwenye kadi yake akaandika kwa herufi kubwa: PUMU.