Ubingwa wa Mwalimu Mbele ya Kishikwambi

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa, hatua iliyostahili kupokewa kwa furaha, kwa kuwa mwalimu wa kijijini aliyezoea kuandaa masomo kwa kitabu kimoja cha kiada alipata chombo kinachoweza kubeba maktaba nzima. Hata hivyo, kugawa vifaa ni sehemu nyepesi ya jambo hili. Sehemu nzito ni ubingwa, yaani maarifa na busara vinavyomwezesha mwalimu kuamua ni kipi kati ya vyote vilivyomo humo kinafaa kwa kipindi cha leo, na kipi kiachwe.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alieleza kwamba mwalimu mahiri ana maarifa ya pekee yanayounganisha kulijua somo na kujua kulifundisha, kiasi kwamba anafahamu, kwa mfano, wapi wanafunzi hukwama katika hesabu za sehemu na ni mfano upi utakaowakwamua. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza maarifa ya teknolojia juu ya hayo mawili, wakisisitiza kwamba yote matatu yafumwe pamoja. Mafunzo mengi ya walimu kazini bado yanaishia kwenye kuwasha, kubonyeza na kuzima.

Ubingwa unaovuka hapo hauanzi na wingi wa vifaa. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyefundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019 akiwa katika shule yenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alikuwa akienda kwenye saiba, yaani duka la huduma za intaneti, akipakua mambo aliyoyahitaji, kisha akiyatumia darasani bila mtandao. Uhaba huo hausifiwi, wala haifai shule yoyote iachwe iishi nao, lakini unaonyesha wazi kazi ambayo wingi wa vifaa huificha: anayepakua video kabla ya kipindi hupata nafasi ya kuitazama mwenyewe kwanza, kuipima kwa mtaala, na kupanga ataisimamisha wapi ili aulize swali gani. Mwalimu mwenye mtandao wa kasi anahitaji nidhamu hiyo hiyo, na pengine zaidi, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha kuwa nayo.

Ubingwa huo haukamiliki mpaka urithishwe kwa mwanafunzi. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti wa mwaka 2017, waligundua kwamba hata wanahistoria wenye shahada za uzamivu walihadaiwa na tovuti zenye sura ya kitaalamu, ilhali wahakiki wa habari waliziacha haraka na kutafuta kwingine wengine wanasema nini kuhusu wamiliki wake. Huo ndio usomaji wa kando, na haufundishiki kwa kuandika kanuni ubaoni. Mwalimu bingwa huchukua ujumbe halisi unaosambazwa, tuseme sauti ya anayejiita daktari akisifia mizizi inayoponya kisukari, akautafuta mbele ya darasa huku akifikiri kwa sauti: huyu ni nani, amesajiliwa wapi, nani mwingine amelisema hili, na mbona hakuna tarehe? Jioni hiyo hiyo wanafunzi wake wanaweza kuukuta ujumbe wa namna hiyo katika kundi la WhatsApp la ukoo, umetumwa na babu au shangazi, na jinsi ya kumweleza mkubwa kwamba amepotoshwa bila kumvunjia heshima ni somo linalostahili kipindi chake.