UNANIONA MWIZI?

Lipo swali ambalo katika jamii yetu lina nguvu kuliko rungu la mgambo. Swali lenyewe ni hili: "Kwani unaniona mwizi?" Mtu akishaulizwa hivyo hunywea. Aliyeomba kitambulisho hukirudisha bila kukitazama, aliyekuwa anahesabu noti huacha kuhesabu, na aliyetaka waandikishane husema, "Basi bwana, yaishe, tunaaminiana." Aibu imekwisha kufanya kazi yake. Ndugu msomaji, nataka tulichunguze swali hili, maana naona ndani yake mna fumbo la maadili linalowasumbua watu wema kuliko linavyowasumbua wezi.

Fumbo ni hili. Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba kumdhania mtu ubaya bila ushahidi ni dhuluma. Vilevile tumefundishwa kwamba mali ya jasho hailindwi kwa macho ya usingizi. Sasa nikikutana na mtu nisiyemjua, naye anataka kununua kitu nilicho nacho, nifuate fundisho lipi? Nikimwamini naweza kuibiwa. Nikimshuku, kumbe ni mtu wa haki, nimemvunjia heshima yake. Je, iko njia ya tatu?

Enzi za wazee wetu swali hili halikuwa gumu hivi. Aliyeuza baiskeli aliiuza kwa mtu wa kijiji chake au wa mtaa wa pili. Kitambulisho kilikuwa swali la "Wewe mtoto wa nani?" na jibu lake lilitosha, kwa kuwa nyuma ya jibu kulikuwa na baba, shangazi na shamba lisilohamishika. Leo tangazo la pikipiki likiwekwa Facebook au likirushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kabla chai haijapoa limeonwa na watu wa Mbagala, wa Mwanza na wa Mombasa. Mnunuzi anayepiga simu hana baba wala shangazi. Ana jina na picha, na hiyo picha yenyewe yaweza kuwa ya mtu mwingine.

Jambo hili lilinifika mwaka jana, dada yangu aliponipa kazi ya kumwuzia pikipiki yake, Boxer, ambayo alikuwa amempa kijana mmoja aendeshe bodaboda na kumletea hesabu kila siku. Bei tulipanga milioni moja na laki nane. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kugawanywa kabla hazijapatikana: ada ya mwanawe, na kodi ya fremu anamoshonea nguo. Dada hana mume wa kumsaidia wala akiba ya kuanzia upya. Alinikabidhi kadi na ufunguo, akasema, "Mdogo wangu, hiyo ndiyo benki yangu."

Kabla ya kutangaza nilikwenda kijiweni kwa waendesha bodaboda, ambao kwa mambo ya pikipiki ni maprofesa. Walinieleza hila zinazotumika. Ya kwanza ni ujumbe wa uongo. Mnunuzi anasema amekwisha kutuma hela kwa simu, na kweli simu yako inalia, na ujumbe umeandikwa kama zile za M-Pesa, kiasi na salio vyote vimo. Kumbe umetoka kwenye namba ya mtu tu. Dawa yake ni kuuacha ujumbe ulivyo na kufungua mwenyewe menyu ya simu kutazama salio. Ya pili ni ndugu wa hiyo: "Kaka, nimekosea, nimezidisha laki mbili, hebu nirudishie." Ukirudisha unarudisha hela yako mwenyewe, kwa sababu yake haikuingia kamwe. Ya tatu ni ya kale, haihitaji simu: mtu anaomba kujaribu pikipiki, anakata kona, na kona inammeza.

Lakini iliyonikosesha usingizi ni ya nne. Tapeli anachukua picha za tangazo lako, anazitangaza upya kama zake kwa bei nafuu, tuseme milioni moja na laki nne. Mnunuzi wa kweli anampigia yeye. Tapeli anamwambia, "Pikipiki iko kwa mdogo wangu, nenda kaitazame, ila usizungumze naye bei, tuna ugomvi wa kifamilia." Kisha anakupigia wewe: "Kuna fundi wangu anakuja kuikagua. Usimtajie bei, hiyo tutaongea mimi na wewe." Mnunuzi anafika, anaikagua, anaridhika, anamtumia tapeli fedha papo hapo, halafu anakunyoshea mkono: "Haya, nipe ufunguo." Hapo ndipo patashika inapoanza. Watu wawili waaminifu wamesimama juani, kila mmoja anamwona mwenzake mwizi, na mwizi hayupo. Kajaa tele kwenye ukimya waliokubali kuuweka baina yao. Laiti mmoja wao angeuliza, "Samahani ndugu, wewe umeambiwa bei gani, na unamlipa nani?" utapeli wote ungeanguka.

Hila hii ndiyo iliyonipa mwanga wa kwanza. Tunadhani mwizi anaishi kwa kuaminiwa, na kwa hiyo dawa yake ni kutomwamini mtu. Si hivyo kabisa. Mwizi anaishi kwa vile watu wema wanavyoona haya kuulizana. Anajua kwamba mtu muungwana hapendi kuonekana mshukuzi, na anautumia uungwana huo kama kijiti cha kufungulia kufuli.

Mwanga wa pili niliupata kutokana na kadi ile kuwa na jina la dada yangu na si langu. Kama pikipiki ingekuwa yangu, ningeweza kusema: mimi nimeamua kumwamini kila binadamu, nikiibiwa ni juu yangu. Huo ungekuwa ukarimu, hata kama ni wa kijinga. Lakini nilikuwa nimeshika amana. Kumwachia mgeni ufunguo ili nionekane mtu mwema kungekuwa kujinunulia sifa njema kwa ada ya mpwa wangu. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine. Na tukitazama vizuri, ni mali ngapi tulizo nazo ambazo kweli ni zetu peke yetu? Nyuma ya kila pikipiki inayouzwa uswahilini kuna mtoto, kuna mgonjwa, kuna kikoba kinachodai. Anayejitia kutojali mali anawatolea wenziwe sadaka bila kuwauliza.

Kwa hiyo niliweka masharti. Kuonana ni mchana, karibu na benki. Fedha zihesabiwe na karani wa benki na kuingizwa kwenye akaunti ya dada. Anayetaka kujaribu aache fedha zote mikononi mwa shahidi pamoja na kitambulisho. Tuandikiane mkataba wenye namba ya chesisi, namba ya injini, tarehe na saa ya kukabidhiana, mashahidi wawili, halafu umiliki ubadilishwe TRA, maana pikipiki ikibaki kwa jina la dada huku inaendeshwa na mwingine, faini za barabarani na kesi za ajali zitakuja kubisha hodi kwake.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa rika langu, nadhifu, mcheshi. Aliizunguka pikipiki, akaisifu, akaomba aijaribu. Nikamweleza sharti. Akasema hela ziko kwa kaka yake stendi. Nikamwambia basi tumngoje kaka. Uso ukabadilika. "Kwani unaniona mwizi?" Nikamjibu kwamba simwoni mwizi, simjui. Akasonya, akaondoka, na kwa ile namna alivyotembea bila kugeuka nilihisi kama nimempiga kofi hadharani.

Mpaka leo sijui kama alikuwa tapeli. Naliandika hili makusudi, kwa sababu hadithi nyingi za namna hii humalizika kwa kijana kukamatwa wiki ya pili, na msomaji akafurahi. Huyu hakukamatwa. Inawezekana kabisa kaka yake alikuwa stendi. Tahadhari haina ushindi wa kushangilia: ukiwa nayo huoni wizi uliouepuka, unaona tu mtu aliyeudhika. Hiyo ndiyo gharama yake na lazima tuikubali, tusijidanganye kwamba haipo.

Wa pili alikuwa mzee mmoja kutoka Mkuranga, anaitaka pikipiki kwa ajili ya kubebea nazi. Nilijiandaa kumsomea masharti, kumbe yeye ana yake, tena makali. "Mwanangu, kadi ina jina la mwanamke, wewe ni mwanamume. Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia ni dada yangu. "Basi aje." Nikasema yuko kazini. "Tutamngoja. Na aje na kitambulisho chake." Damu ilinichemka kidogo. Nusura nimuulize lile swali. Nadhani aliliona likinijia mdomoni, maana alisema kwa upole, "Usiudhike. Mimi sikuogopi wewe, naiogopa pikipiki. Ya wizi ikikutwa kwangu, atakayelala rumande ni mimi, nazi zangu zitaoza."

Dada alikuja. Kitambulisho kikatazamwa. Mimi nikamwonyesha mzee na ya kwake: kwamba injini inakula oili kidogo asubuhi, na kwamba mnyororo umekwisha, haufiki Krismasi. Akapunguza elfu sabini, tukakubaliana. Alikuwa na haki ya kuyajua hayo. Mtu anayedai usalama wa fedha zake huku ameficha ubovu wa mali yake hana tofauti kubwa na yule wa ujumbe wa uongo. Wote wawili wanataka mwenzao alipe bila kuona.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobeli. Hoja yake ni rahisi kuieleza kijiweni. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, ataliondoa sokoni. Yatabaki mabovu, na mwisho soko lenyewe linaweza kufa. Kumbe uongo wa mmoja humwibia hata mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Na ukweli unaoweza kuthibitishwa ni huduma kwa jirani.

Wapo watakaosema kuwa kuandikishana na kudai mashahidi ni mambo ya Wazungu, yanaua udugu. Nawaomba warudi kwenye vitabu walivyolelewa navyo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikishana madeni, na imo pia amri ya kuweka mashahidi watu wanapouziana. Inawahutubia walioamini, si wezi. Katika Biblia, sura ya 32 ya Yeremia, nabii ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Muuzaji ni Hanameli, mwana wa ami yake, damu moja. Hata hivyo Yeremia anapima fedha kwenye mizani, anatia hati sahihi na muhuri mbele ya mashahidi, kisha anaagiza hati ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu. Wala hatusomi popote kwamba Hanameli alisonya akauliza kama anaonwa mwizi.

Lakini pingamizi lingine ni zito zaidi, nami sitalipita. Masharti huwabana maskini. Mtu anaweza kuwa na haki yake yote akakosa kitambulisho cha taifa, akakosa akaunti ya benki, akawa na noti zake tu ndani ya mfuko wa nailoni. Nikimfukuza huyo, tahadhari yangu imegeuka ukuta wa wenye navyo. Kwa hiyo naona sharti la haki lina vipimo viwili. Kwanza, mtu mwaminifu aweze kulitimiza bila kuumia: asiye na kitambulisho kimoja alete kingine, au barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au mtu anayemjua. Pili, niwe tayari kulitimiza mimi mwenyewe, bila kununa, likiletwa kwangu. Sharti lililopita hapo halimtuhumu mtu, kwa sababu halimchagui mtu. Linamhusu mwenye suti na mwenye kandambili, kijana na mzee, mnunuzi na muuzaji. Dhuluma ni kumwacha mwenye suti ajaribu pikipiki kisha mwenye kandambili ukamdai kitambulisho. Hapo ndipo swali letu lingekuwa na haki ya kuulizwa.

Basi njia ya tatu ipo. Imani baina ya wageni haianzi moyoni. Moyoni haina pa kuanzia, kwani hawajuani. Inaanza mezani, kwenye karatasi, kwenye noti zinazohesabiwa mbele ya macho manne, na baadaye, ikiwa na bahati, ndiyo inashuka moyoni. Sisi vijana ndio tunaouziana vitu na watu tusiowaona. Tukilelewa na aibu ya kuulizana, tutawarithisha matapeli nchi nzima. Anayekuuliza jina lako, kadi yako na bei uliyoambiwa, muulize na wewe ya kwake, kisha mhesabiane. Mkimaliza, peaneni mikono.