Alale Mjini, Atembee Kisiwa

Mgeni wako akikuuliza alale wapi ili akione kisiwa cha Unguja, usimpangie kuhama na mizigo kila usiku. Achukue chumba kimoja Mji Mkongwe. Asubuhi atoke, jioni arudi.

Zamani hata treni ilikuwapo. Mwaka 1905 reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilianza kubeba watu kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kama kilomita 11. Reli imeshang'olewa, lakini daladala za 502 zinakwenda huko huko.

Akishuka Bububu apande kilimani, Kidichi. Hapo pana hamamu aliyoijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Tafadhali, asipite mbio! Ainue macho, atazame ndege na maua yaliyonakshiwa kwenye chokaa, kisha aingie mashambani anuse karafuu na mdalasini. Anayewaza gari la kumhamishia Nungwi, kaskazini, kabla ya magharibi hayaoni hayo.

Na msitu wa Jozani? Ni njia ya kusini, siku nyingine.