Nyumba ya Mama Bado ni ya Mama

Wapendwa mume na mke, mama mzee akipelekwa kutunzwa mbali na boma lake, nyumba yake hubaki imefungwa na maswali huanza. Nani ashike ufunguo? Nani avune mahindi? Hapo ndipo ndoa nyingi hutikisika. Mume husema, "Ni kwa mama yangu." Mke hujibu, "Na karo ya watoto je?"

Kumbukeni kwanza kwamba mama yu hai. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yahusu mali ya marehemu. Mali ya mzazi aliye hai si urithi. Katika Marko sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea waliotumia neno Korbani kuwanyima wazazi msaada. Sisi nasi tusitumie neno "kulinda" kumwibia mama.

Basi ketini wawili, mkubaliane mtakachoweza kutoa. Kisha waiteni ndugu wote. Andikeni vitu vilivyomo nyumbani, na hati ya shamba iwekwe mahali panapojulikana na wote. Mazao yakiuzwa, fedha zimtunze mama kwanza. Fagieni, zibeni paa linalovuja, lisheni kuku. Asiuze mtu kitu bila ruhusa yake mwenyewe.

Tena, kila mkienda kumwona, mpeni habari za nyumba yake. Amri ya nne haikomi mzazi anapoondoka bomani. Watoto wenu wanatazama jinsi mnavyoushika ufunguo huo. Siku moja watashika wenu.