Aliyeshika koki



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Morogoro. Sisi tunakaa upande wa mbele, wapangaji wana vyumba vinne vya uani, na wote tunategemea tanki moja. Bomba chini ya sinki ya jikoni likaanza kuvuja kwenye maungio. Siyo sana, ukiweka ndoo inakaa nusu siku kabla haijajaa. Baba akampigia fundi, fundi akasema atafika saa mbili asubuhi. Baba akaniachia kazi.

Saa mbili kasoro nikafunga koki ya kwenye mita. Maji yakaendelea kutoka kama kawaida! Kumbe mita inajaza simtanki tu, na nyumba inapata maji kutoka kwenye simtanki. Nikapanda mnarani, nikafunga koki ya chini ya tanki, nikashuka na kufungulia bomba la uani ili maji yaliyobaki yaishe. Nikakaa barazani, najiona fundi.

Uani kuna babu aliyepata kiharusi. Binti yake humwogesha asubuhi. Siku hiyo alikuwa ameshampaka sabuni mwili mzima, bomba likakohoa, likakauka.

Dada yule akatoka na beseni tupu. "Frateri, maji mmefunga nyie?"

"Tunatengeneza kidogo, dada. Vumilia."

Sikuuliza alikuwa anafanya nini. Alikwenda mtaa wa pili kutafuta dumu la maji, na babu akabaki ameketi na sabuni yake, amefunikwa kanga. Fundi alifika saa nne na robo. Alikata, akabadilisha elbo, akazungushia tepu. Hata dakika arobaini hazikuisha. Akaniambia nifungulie taratibu, maana hewa ikiwa imeingia, mabomba hugonga.

Nimesoma falsafa miaka mitatu, kwa hiyo utetezi haukunichukua muda. Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwenye Summa Theologiae, anapojadili kujilinda dhidi ya anayetaka kukuua, anasema tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili: moja umelikusudia, jingine limeambatana tu, nje ya kusudio lako. Mimi nilikusudia kutengeneza bomba. Sabuni ya babu ilikuwa nje ya kusudio. Kesi imekwisha.

Tatizo ni kwamba Thomas haishii hapo. Palepale anaongeza kwamba hata mwenye nia njema anakosea akitumia nguvu kupita inayohitajika. Basi nikajiuliza: kazi ile ilihitaji nini? Ilihitaji dakika arobaini bila maji. Zile saa mbili na zaidi za kumsubiri fundi zilikuwa haraka yangu, nataka baba akirudi aone kila kitu kiko tayari. Na ukimya wangu je? Ukimya haukuhitajika na kitu chochote. Hakuna spana inayofanya kazi vizuri zaidi kwa sababu majirani hawajaambiwa.

Tena, sikuwa hata nimempima babu kwenye mizani nikaona bomba ni zito zaidi. Hakuwemo kabisa kwenye mawazo yangu. Utasema, basi hukujua, na asiyejua hana hatia. Lakini kutojua kwangu kungeondoka kwa kubisha milango minne.

Mbona sikubisha? Hapa ndipo panaponiuma. Ukibisha hodi, unaomba. Ukiomba, unaweza kuambiwa subiri. Na mtoto wa mwenye nyumba hajazoea kuambiwa subiri na mpangaji, hata akiwa frateri, hata akiwa ametoka Misa ya asubuhi.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nimezidisha, huwezi kuitisha kikao kwa kila koki. Ni kweli. Bomba likipasuka usiku na maji yanaingia vyumbani, funga kwanza, maelezo baadaye. Ila letu lilikuwa linadondokea kwenye ndoo.

Jioni nilikwenda kwa babu. Nikaanza kueleza mambo ya elbo, na fundi kuchelewa. Akanyanyua mkono wake mmoja unaofanya kazi.

"Ulijua nipo?"

"Nilijua, babu. Kila siku nakuamkia."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Halafu nikasema samahani, safari hii bila maelezo. Kwenye ungamo nilitamka hivyohivyo, maana nimegundua kwamba dhambi zangu zikishapata maelezo marefu huwa zinageuka hotuba.

Wiki iliyofuata fundi alirudi kubadilisha koki ya tanki, ilikuwa imechakaa haifungi vizuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilipita mlango hadi mlango. Wa kwanza akasema sawa, wa pili akasema sawa, wa tatu akaomba ajaze madumu kwanza.

Babu akasema, "Saa tatu hapana. Saa tatu naoga. Njooni saa nne."

Nikampigia fundi, nikamwambia aje saa nne.