Fumbo na Sharti

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa Kusadikika ni wapi, jibu analo mdomoni kabla swali halijaisha: Kusadikika ni Tanganyika chini ya Mwingereza. Majivuno, yule waziri mshtaki, ni mtawala dhalimu. Karama ni mwananchi aliyeamka. Alama zinatolewa, daftari linafungwa, na riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951 inarudi kabatini. Jibu hilo si la uongo. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na hakuwa na nafasi ya kuyasema yote waziwazi. Lakini kama jibu ndilo hilo tu, kuna jambo linabaki bila maelezo. Bendera ya Mwingereza ilishuka Tanganyika Desemba 1961, na kitabu bado kinauma. Kinamuuma nani sasa, na kwa nini?

Swali hilo halimhusu Shaaban Robert peke yake. Linamhusu kila anayesoma fantasia na riwaya za kisayansi, yaani vitabu vinavyoanza kwa kutuhamisha kwenye dunia isiyokuwapo. Msimu huu nimekuwa na rundo la vitabu hivyo, vipya kwa vikongwe, na kila nilipomaliza kimoja nilijikuta narudi kwenye tofauti ileile. Kuna kitabu kinachompa msomaji fumbo, na kuna kinachompa sharti. Kwa nje vinafanana: vyote vina nchi za angani, viumbe wa ajabu, majina yasiyotamkika. Cha kwanza kinasema jambo moja kwa kutaja jingine, na ukilijua lililotajwa, umekimaliza. Cha pili kinabadilisha jambo moja katika utaratibu wa dunia, kisha kinajilazimisha kulifuata hadi mwisho, hata pale ambapo mwandishi mwenyewe angetamani kukwepa.

Mfano wa sharti ninaouamini zaidi ni The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1969. Katika sayari ya Gethen, yenye baridi kali kupita kiasi, wanaishi binadamu kama sisi ila kwa jambo moja: hakuna aliye mwanamume au mwanamke siku zote. Mara moja kwa mwezi, kwa siku chache, mwili huingia katika msimu wake na kuchukua upande mmoja, na hakuna ajuaye mapema ni upi. Aliyezaa watoto wawili anaweza kuwa baba wa wengine watatu. Mwandishi mvivu angelitumia wazo hilo kama pambo. Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, analiingiza kila chumba. Mfalme anashika mimba. Kwa kuwa yeyote anaweza kubeba ujauzito, hakuna nusu ya watu iliyofungwa na uzazi na nusu nyingine iliyoachiwa dunia. Wauaji wapo, visasi vya koo vipo, ila jeshi la watu kuandamana kwenda kuua jeshi jingine halijawahi kuonekana.

Iko sura fupi katikati ya kitabu iliyoandikwa kama ripoti ya mtafiti aliyefika huko kabla ya msimulizi. Anayataja matokeo moja baada ya jingine kwa sauti ya ofisini, bila kushangaa. Anapofika kwenye vita, anasita. Huenda hawapigani kwa sababu ya miili yao. Huenda ni kwa sababu ya baridi, adui aliyewachosha kabla hawajapata muda wa kuchokozana. Hachagui. Kusita huko kuna thamani kubwa. Aliyetaka kutuuzia fumbo angeufunga mwanya huo haraka, maana fumbo lenye majibu mawili halifai kwa mahubiri. Aliyeweka sharti hana budi kukubali kwamba dunia aliyoiumba inaweza kumkatalia.

Ndiyo maana swali la mtihani, Gethen ni wapi, halina jibu. Si Marekani ya mwaka 1969, si nchi yoyote. Linalojibika ni swali jingine, nalo linamgeukia msomaji: katika nyumba yako, ni mangapi unayoyaita maumbile ambayo kwa kweli ni mpango tu? Nani huamka wa kwanza, nani hula wa mwisho, nani huulizwa mtoto akiugua? Kabla ya kusoma, mambo hayo yalikuwa kama mvua na jua. Baada ya kusoma, yana mtu aliyeyaamua.

Hapo linazuka swali la kale: inakuwaje mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akayaamini asiyoyaamini? Mshairi Mwingereza Coleridge aliandika mwaka 1817 kwamba msomaji huiweka kando shaka yake kwa hiari. Mwandishi wa fantasia Tolkien, katika mhadhara alioutoa Scotland mwaka 1939, hakuridhika na maelezo hayo. Kwake, msomaji haweki kitu kando. Akiwa ndani ya dunia ile anaamini kwelikweli, kwa sababu kila kinachotokea humo kinafuata sheria za humo. Siku atakapojikuta anajilazimisha kuamini, basi ujue mwandishi ameshindwa kazi. Bibi zetu walilijua hilo bila mhadhara. Bibi alisema paukwa, tukaitika pakawa, na tangu hapo sungura akiongea hakuna aliyeuliza lugha kajifunzia wapi. Lakini bibi huyohuyo akimleta tena fisi aliyekwisha kufa, bila kueleza amefufukaje, wajukuu walimkatiza. Hatukumdai ukweli wa dunia yetu. Tulimdai uaminifu kwa dunia yake.

Jambo hilo linaturahisishia pia kuelewa kwa nini mpaka kati ya fantasia na uhalisia haukai mahali pamoja. Kwa wasomaji wengi wa Tanga, Lamu au Unguja, jini si kiumbe wa kubuni. Ametajwa katika Kurani, na pengine ana mti wake unaojulikana mtaani. Chombo kinachokwenda kasi kuliko mwanga ndicho hadithi. Basi tukizipima fantasia kwa ajabu ya vilivyomo, tutakuwa tunapima imani za msomaji, si ufundi wa kitabu. Kipimo kinachovuka mipaka ni kile cha wajukuu: je, sheria imeshikwa?

Sasa nije kwenye vitabu vipya. The Saint of Bright Doors, riwaya ya kwanza ya Vajra Chandrasekera wa Sri Lanka, ilitoka mwaka 2023 na kupata tuzo ya Nebula. Shujaa wake, Fetter, alikatwa kivuli na mama yake siku aliyozaliwa, akalelewa kwa kazi moja tu: kumuua baba yake, mtakatifu anayefuatwa na umati. Akiwa mtu mzima, ameikimbia kazi hiyo na kuhamia mjini, ambako anahudhuria vikao vya watu waliokusudiwa kuwa wateule na mambo yakaharibika. Anayejua habari za Buddha na mwana aliyemwacha nyumbani atalifumbua fumbo mapema sana. Nami nilidhani nimekimaliza kitabu. Kumbe kulikuwa na kurasa nyingi za vibali, karantini, kambi, na milango ya rangi kali ambayo ikishageuka haifunguki tena. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichofafanuliwa na habari za Buddha. Fumbo lilinifikisha mlangoni. Mji wenyewe ilibidi niutembee.

Death of the Author ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2025, inalichezea jambo hili kwa ujanja mwingine. Zelu, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria anayetumia kiti cha magurudumu, anaandika riwaya kuhusu roboti waliobaki duniani baada ya binadamu kutoweka. Sura za maisha yake zinapishana na sura za roboti. Msomaji aliyezoea kufumbua atasema mara moja: roboti hao ni Zelu mwenyewe, mwili wake na upweke wake. Lakini mwisho wa kitabu unamlazimisha aulize upya ni nani anayemsimulia mwenzake. Aliyekwishaandika jibu pembeni ya ukurasa atahitaji kifutio.

Lakini hoja nzito zaidi imo katika The Fifth Season ya N.K. Jemisin, ya mwaka 2015, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitatu vilivyopata tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Katika bara la riwaya hiyo ardhi haitulii, na wapo watu waliozaliwa na uwezo wa kuyazima matetemeko. Wanaogopwa, wanachukuliwa wakiwa watoto, wanafunzwa utii. Wawili kati yao wanafika kwenye kituo kimoja cha barabarani na kukuta walinzi wote wamekufa. Ndani, kwenye kiti maalumu, amefungwa mtoto. Amekonda, mirija inaingia mwilini mwake, na ubongo wake umekatwa kwa ustadi ili ibaki silika peke yake. Ardhi ikitikisika, silika hiyo huituliza. Viti vya namna hiyo viko katika vituo vingi, na miji inasimama kwa sababu yake.

Ni rahisi kusema: huo ni utumwa wa Marekani, na mwandishi ni Mmarekani mweusi. Ni kweli, naye hafichi. Lakini kinachotisha katika ukurasa ule ni hesabu. Kama kinachohitajika ni silika, na silika hufanya kazi hata mtu akiwa amelala, kwa nini serikali igharamie mtu mzima mwenye maneno, hasira na uwezo wa kukimbia? Sharti limefuatwa hatua kwa hatua, kwa mantiki isiyo na dosari, na mwisho wake ni kile kiti. Fumbo lingetuambia kwamba utumwa ni ukatili, jambo tulilolijua. Sharti linatuonyesha jinsi watu wa kawaida, wenye mahesabu safi, wanavyofika kwenye ukatili bila mmoja wao kujiona katili. Somo hilo halina karne wala rangi. Mwajiri yeyote anayemhesabu mfanyakazi kwa mikono yake tu ameshaanza safari ya kwenda kwenye kiti kile.

Naweza kupingwa, na pingamizi lina uzito. Fumbo halikuzaliwa na uvivu. Lilizaliwa na jela. Katama Mkangi aliwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986, na mwaka 1995 akatoa Walenisi, ambamo Dzombo anatiwa kwenye chombo cha kumpeleka kifoni na badala yake anatua kwenye sayari ya watu walio sawa. Nani angemlaumu kwa kuchagua kusemea angani? Simlaumu. Ila ngao humkinga mwandishi. Haikifanyi kitabu kiishi. Isitoshe, mtawala naye ana watu wa kumfumbulia. Na nikiisoma Walenisi leo, kinachonishika ni ile safari, mtu aliyehukumiwa akiwa peke yake ndani ya chombo asichojua kukiendesha. Usawa wa huko anakofika umesimuliwa vizuri, lakini haujajaribiwa vya kutosha. Ningependa kumwona mmoja wao akiuchoka.

Turudi basi barazani kwa Karama. Ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la manufaa kwa nchi. Kila mmoja alifungwa. Hilo ndilo sharti la Kusadikika: ni nchi inayowatuma watu kutafuta heri, kisha inawaadhibu kwa kuipata. Shaaban Robert analifuata mara sita bila kuchoka, na msomaji anayelalamika kwamba hadithi zinajirudia hajaona kwamba kujirudia ndiko kunakotisha. Mara ya kwanza ungesema ni bahati mbaya. Mara ya sita huna pa kukimbilia, ni utaratibu. Miaka 18 baadaye Le Guin, mbali kabisa na Tanga ya Shaaban Robert, naye alimtuma mjumbe peke yake kwenye nchi ngeni akiwa na habari njema, na nchi moja ya huko ikamtia kambini. Sidhani kama kuna aliyemwiga mwenzake. Ukiiumba dunia kwa uaminifu, utakutana na wengine waliofika palepale kwa njia yao.

Kwa hiyo kitabu kinaendelea kuuma kwa sababu sharti lake halikushushwa pamoja na bendera. Lipo ofisini ambako kijana aliyerudi masomoni na wazo jipya anahamishiwa stoo. Lipo kwenye chama, kwenye kamati ya shule, kwenye familia inayomsomesha mtoto kisha ikamchukia kwa kusoma.

Ombi langu ni kwa walimu na watunga mitihani. Msiache kufundisha kwamba Kusadikika ilikuwa Tanganyika. Historia ni haki ya mwanafunzi. Lakini ongezeni swali la pili, tena lipeni alama nyingi zaidi: katika nchi hii mjumbe mwenye heri hufungwa; eleza ni nani anayefaidika, na ueleze wewe ungekaa upande gani wa baraza. Jibu la swali hilo halipatikani katika vitabu vya mwongozo, na mwanafunzi atakayelijibu vizuri atakuwa amekisoma kitabu.